Miaka 20 ya Back to Black: Binti wa jazz aliyetunzwa akiwa kwao

Novemba 2021, katika mnada mmoja huko California, gauni fupi la marehemu Amy Winehouse liliuzwa kwa dola 243,200. Ndilo alilovaa jijini Belgrade usiku wa Juni 18, 2011, kwenye onyesho lake la mwisho, pale maelfu ya watu walipomzomea kwa kuwa alipanda jukwaani akiwa hajiwezi. Mwezi mmoja baadaye alifariki dunia. Kuna mtu alitoa fedha zote hizo kununua vazi la siku iliyomwaibisha kuliko zote.

Oktoba 27 mwaka huu albamu yake ya pili, Back to Black, inatimiza miaka 20. Kumbukumbu zitaandikwa, na nyingi zitazungukia mambo yaleyale ya mnadani: nywele zilizorundikwa kichwani kama mzinga wa nyuki, wanja mzito, pombe, dawa za kulevya, mume, na kifo akiwa na miaka 27. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu anayetaka kumfahamu Amy kama msanii hana budi kuanzia sebuleni kwao, kaskazini mwa London, ambako jazz ilikuwa lugha ya nyumbani.

Mashahidi wakuu wa maisha yake ni wawili, na hawapatani. Wa kwanza ni baba yake, Mitch Winehouse, aliyechapisha kitabu juu ya binti yake mwaka 2012. Wa pili ni mwongozaji Asif Kapadia, ambaye filamu yake Amy ya mwaka 2015 ilipata Tuzo ya Oscar. Mitch aliishutumu filamu hiyo hadharani, akasema imempaka matope. Hata hivyo, ukiweka kitabu na filamu pamoja, unaona jambo moja ambalo wote wawili wanalishuhudia: Amy alijiona mwimbaji wa jazz kabla ya kitu kingine chochote, na waliokuwa na haki ya kumpima walikuwa wakongwe wa fani hiyo.

Mwana hufuata kisogo cha nina, na kwa Amy kisogo hicho kilikuwa cha bibi yake mzaa baba, Cynthia, ambaye enzi zake alikuwa mwimbaji. Amy alizaliwa Septemba 14, 1983, akakulia Southgate katika familia ya Kiyahudi. Mama yake, Janis, alikuwa mfamasia. Mitch, ambaye baadaye aliendesha teksi, alikuwa haachi kuimba nyimbo za Frank Sinatra humo ndani. Binti akakua akiwasikiliza Sarah Vaughan, Dinah Washington na Tony Bennett, huku wenzake wakifuata nyimbo za vijana wa wakati ule. Amy alimpenda bibi yake huyo hata akajichora tatuu yake mkononi.

Akiwa bado kijana mdogo aliimba na National Youth Jazz Orchestra, kundi la vijana wapiga jazz wa Uingereza. Kanda zake zikafika kwa wakala, kisha kampuni ya Island ikamsajili. Oktoba 2003, akiwa na miaka 20, alitoa albamu yake ya kwanza, Frank. Jina hilo linamkumbusha msikilizaji Sinatra, na kwa Kiingereza humaanisha pia mtu anayesema ukweli bila kupepesa. Salaam Remi, prodyuza wa Marekani aliyezoea hip-hop, ndiye aliyeshika sehemu kubwa ya kazi hiyo. Albamu iliteuliwa kuwania Tuzo ya Mercury, na wimbo Stronger Than Me ukampatia Amy Tuzo ya Ivor Novello, ambayo Waingereza huwapa watunzi. Mwenyewe hakuridhika. Alisema wazi kwamba wakubwa wa kampuni walikuwa wameiingilia kazi yake.

Kilichofuata kinajulikana. Mapenzi yake na Blake Fielder-Civil yalivunjika, bibi Cynthia akafariki mwaka 2006, na majonzi hayo yakawa nyimbo. Remi alizalisha nusu ya kazi, na nusu nyingine ikaenda kwa prodyuza Mark Ronson, aliyeikabidhi kwa wapigaji wa The Dap-Kings kule Brooklyn, bendi iliyorekodi kwa kanda kama walivyofanya watu wa miaka ya sitini. Wimbo Rehab ulianzia barabarani jijini New York: Amy alikuwa akimsimulia Ronson jinsi watu wake walivyotaka kumpeleka kwenye kituo cha kutibu uraibu naye akakataa, na Ronson akaisikia ndani ya maneno yale sauti ya kiitikio.

Wengi husema kwamba hapo Amy aliiacha jazz. Sikubaliani nao. Ala zilibadilika, lakini mwimbaji alikuwa yuleyule. Msikilize vizuri: haingii pamoja na mdundo, huuacha utangulie kidogo, kisha huufuata kama mtu asiye na haraka ya kufika. Sikiliza pia rekodi zake za jukwaani. Hauimbi wimbo mara mbili kwa namna moja. Hayo alijifunza kwa akina Sarah Vaughan na Dinah Washington. Na nyimbo nyingi za albamu ile alizitunga peke yake.

Usiku unaotueleza haya yote kwa pamoja ni ule wa Februari 10, 2008, wa Tuzo za 50 za Grammy jijini Los Angeles. Amy alikuwa ameteuliwa mara sita. Lakini tangu mwishoni mwa Januari alikuwa kwenye kituo cha matibabu, jambo ambalo wimbo wake maarufu ulikuwa umelikataa. Ubalozi wa Marekani jijini London ukamnyima viza. Siku mbili kabla ya sherehe ukabadili uamuzi, lakini muda wa kusafiri ulikuwa umekwisha. Wakaamua aimbe akiwa London, na picha zirushwe kwa setelaiti.

London iko mbele ya Los Angeles kwa saa nane. Kwa hiyo sherehe ya jioni huko ilikuwa usiku wa manane kwa Amy na wenzake, waliokusanyika katika studio za Riverside, Hammersmith. Mbele yake walikaa ndugu na marafiki, si umati wa mastaa. Aliimba nyimbo mbili, You Know I'm No Good na Rehab, kisha akasimama na bendi yake kutazama runinga kubwa, akisubiri tuzo ya Rekodi ya Mwaka.

Filamu ya Kapadia inatuonyesha uso wake wakati huo. Kwenye runinga wanatokea watoa tuzo, Natalie Cole na Tony Bennett. Amy anamwona Bennett na kusahau mengine yote. Anageuka kumwambia baba yake kuwa yule ni Tony Bennett. Ni binti wa Southgate anayeona sauti ya sebuleni kwao imevaa mwili. Kisha Bennett anasoma jina la mshindi, na jina ni lake. Bendi inaruka kwa shangwe. Yeye anaganda, macho yamemtoka, kama aliyeitwa na mtu asiyeweza kumjua. Mama yake anakuja kumkumbatia.

Mcheza kwao hutunzwa. Mlango wa ubalozi ulifunguliwa kwa kuchelewa, na tuzo zikamfuata Hammersmith. Alishinda 5, ikiwemo ya Wimbo wa Mwaka na ya Msanii Bora Mpya, na akawa mwanamke wa kwanza Mwingereza kutwaa Grammy 5 kwa usiku mmoja. Ya Albamu ya Mwaka ilikwenda kwa mpiga piano wa jazz, Herbie Hancock.

Kabla shangwe haijatulia, ugomvi ukazuka. Natalie Cole, aliyekuwa amesimama kando ya Bennett jina likisomwa, aliwaambia waandishi kwamba Amy hakupaswa kushinda. Alikubali kuwa ana kipaji, lakini kwake haikuwa sawa mtu avune sifa huku akiendelea kujiharibu. Natalie, binti wa Nat King Cole, alikuwa ametumbukia mwenyewe kwenye dawa za kulevya na akatoka. Alisema kama mtu aliyevuka mto ule ule. Watu waligawanyika: wengine walimwona mwenye wivu, wengine wakamwona mkweli.

Mimi naona alikuwa sahihi kuhusu hatari, akakosea kuhusu tuzo. Hatari ilikuwepo. Filamu inasimulia kwamba usiku uleule, katikati ya vigelegele, Amy alimvuta kando rafiki yake wa utotoni akamwambia kuwa bila dawa hakuona raha yoyote. Maneno hayo yanauma kuliko picha zote za mapaparazi. Lakini tuzo ilitolewa kwa rekodi, na rekodi ile ilistahili. Kumnyima kusingemponya.

Juni mwaka huohuo alisimama Hyde Park kwenye tamasha la miaka 90 ya Nelson Mandela na kuongoza wimbo wa kufungia. Baada ya hapo mambo yalididimia: ndoa yake na Blake, aliyekuwa amerudiana naye, ikavunjika, akakaa muda mrefu St. Lucia, na albamu ya tatu haikuja.

Machi 2011 aliingia studio za Abbey Road kuimba Body and Soul, wimbo wa mwaka 1930, akiwa bega kwa bega na Tony Bennett. Mzee alikuwa na miaka 84. Amy alitetemeka, akaomba radhi, akataka waache. Bennett alimtuliza kwa kumtajia Dinah Washington, na alipolisikia jina hilo akapata nguvu. Hiyo ndiyo rekodi yake ya mwisho. Julai 23 alikutwa amefariki nyumbani kwake Camden. Uchunguzi ulisema ni pombe. Wimbo ulitoka Septemba 14, siku ambayo angetimiza miaka 28, ukapata Grammy.

Tangu hapo kumekuwa na taasisi ya hisani yenye jina lake, sanamu Camden, filamu ya kuigiza ya 2024, na hata mpango wa kumrudisha jukwaani kwa taswira ya mwanga. Mwaka 2015 David Joseph, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya muziki ya Universal nchini Uingereza, alisema aliziharibu rekodi za majaribio za albamu ya tatu ili pasiwe na atakayezimalizia. Wapo waliomlaumu. Kwangu ni miongoni mwa mambo machache yaliyofanywa kwa heshima.

Ombi langu ni kwa watangazaji wetu. Oktoba 27 msianze na Rehab. Anzeni na Frank, msichana wa miaka 20 akijibizana na wakongwe waliomlea. Kisha Back to Black yote. Mmalizie na Body and Soul, msikilizaji amsikie akiwa amesimama kando ya mkongwe mmoja wao, wakipokezana mistari.