Jasho la kontena na ghala: linatoka wapi na linazuiwa vipi

MZIGO ulionekana mkavu wakati wa kupakia, turubai halina tundu, na njiani halikudondoka hata tone la mvua. Lori linapofunguliwa, magunia ya juu yamelowa na mengine yameanza kuota kuvu. Mwenye mali anasema lori linavuja. Msafirishaji anasema mahindi yalikuwa mabichi. Ubishi wa namna hii wanaujua vizuri wanaonunua mahindi na maharagwe katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na kuyapitisha Mbarara kuelekea Kampala, Kenya au Sudan Kusini. Mara nyingi wanaobishana wanatafuta tundu ambalo halipo, kwa sababu maji hayo hayakuingia kutoka nje. Yamepanda kutoka ndani ya magunia yenyewe, yakagusa bati baridi, yakarudi chini kama matone.

Hali hiyo wasafirishaji huiita jasho la kontena, ingawa hutokea pia kwenye ghala la bati na chini ya turubai.

Jasho hutokeaje

Chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji na kuwekwa mezani hulowa kwa nje ndani ya dakika chache. Soda haikuvuja. Hewa ina mvuke usioonekana, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Meta moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi joto 27 hubeba hadi karibu gramu 26 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 15 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi. Kinachozidi lazima kigeuke maji, na hugeukia kwenye kitu cha kwanza chenye baridi, iwe ni chupa, kioo au bati.

Nyuzi 27 na 15 hazikuchaguliwa ovyo. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na tofauti ya mchana na usiku huwa takriban hiyo. Bati nalo hupoa kuliko hewa inayolizunguka, kwa sababu usiku hupoteza joto lake moja kwa moja kuelekea angani. Mawingu hupunguza upotevu huo kama blanketi. Ndiyo maana jasho huwa kali zaidi katika usiku mweupe wa Juni na Julai, kiangazi, wakati ambao wengi wanadhani mzigo uko salama kwa kuwa hakuna mvua. Na ndio wakati mavuno ya msimu wa kwanza yanapojaa sokoni.

Maji mengi yako kwenye mzigo

Kontena la futi 20 lina ujazo wa meta 33 hivi. Hata likiwa tupu na hewa yake ikiwa imeshiba maji kabisa kwa nyuzi 27, maji yote hayo hayafiki lita moja. Lakini tani 20 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 zina lita 3,200 za maji ndani ya punje. Punje hizo huendelea kutoa mvuke kila hewa inapokauka kidogo, na bati huendelea kuugeuza kuwa matone, usiku baada ya usiku. Anayehangaikia hewa ya kontena akasahau mahindi anapigana na lita moja na kuziacha 3,200.

Si kwamba mahindi makavu hayana maji. Tofauti ni jinsi yanavyoyaachia. Mahindi ya asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki, hushikilia maji yake vizuri kiasi kwamba kwa nyuzi 27 bati linapaswa kupoa hadi nyuzi 20 hivi kabla matone hayajaanza. Kwa mahindi ya asilimia 16 matone huanza bati likifika nyuzi 23 tu, jambo ambalo hutokea mapema jioni. Zaidi ya hapo, hewa iliyo katikati ya punje za asilimia 16 tayari ina unyevu wa kutosha kuotesha kuvu hata pasipo tone.

Kupima kabla ya kununua

Mashine ya kupima unyevu ndiyo njia ya uhakika, na kwa anayenunua kwa tani hurudisha gharama yake haraka. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu kabisa, jaza nafaka hadi theluthi moja, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mzigo haufai kufungiwa. Isipoganda, mzigo uko chini ya 15, lakini hilo halithibitishi kwamba umefika 13.5. Kuuma punje kwa meno, kama wanavyofanya madalali wengi, kunategemea meno ya nani.

Hesabu ya bei nayo ifanywe mapema. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 16 likikaushwa hadi 13.5 hubaki na kilo 97 na kitu. Kwa tani 20 zinapungua kilo 578. Mnunuzi anayelipa bei moja kwa mahindi mabichi na makavu ananunua maji, na mkulima aliyekausha vizuri hapati chochote kwa kazi yake. Msimu unaofuata mkulima huyo naye ataleta mabichi, na hapa wanunuzi hawana wa kumlaumu.

Ghalani

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ina pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Nafaka ya mashamba yao huuzwa kwa vipimo vidogo vidogo, hukusanywa kwenye stoo za Base Camp, Rubondo au Juru, kisha huvushwa kwenda Mbarara. Kwa hiyo lori moja hubeba mahindi ya kaya nyingi, kila moja imeanika kwa namna yake. Gunia moja bichi katikati ya makavu hulowesha majirani zake. Kila gunia lipimwe, si lile la juu lililoko mlangoni.

Nafaka ianikwe juu ya turubai, kamwe isianikwe kwenye udongo mtupu, na ifunikwe au kuingizwa ndani kabla ya umande. Ikitoka juani ikiwa ya moto isishonwe kwenye magunia papo hapo na kurundikwa, kwa sababu joto hilo litasukuma mvuke juu usiku kucha. Ipumzike kivulini mpaka ipoe.

Ndani ya stoo magunia yakae juu ya mbao au paleti, kwani sakafu ya saruji hupitisha unyevu wa ardhini. Yaachwe mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na yasifikie bati. Dari, hata ya mikeka au mbao nyepesi, husaidia sana kwa kuwa hewa ya moto ya mzigo haikutani tena na bati tupu. Matundu ya hewa juu karibu na paa ni muhimu kuliko dirisha la chini. Milango ifunguliwe mchana wa jua na kufungwa jioni. Kuiacha wazi usiku au asubuhi ya ukungu ni kuukaribisha unyevu.

Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia, huua wadudu bila dawa. Lakini ni kwa nafaka kavu tu. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huoza, na aliyepoteza mzigo kwa njia hiyo hulaumu mfuko.

Barabarani

Turubai la pamba hupumua kidogo, la plastiki halipumui. Kosa linalorudiwa ni kutandaza nailoni juu ya magunia kisha turubai juu yake, kwa nia njema ya kuzuia mvua. Mvuke unaopanda hunaswa chini ya nailoni na kulowesha safu ya juu yote. Afadhali turubai moja zima, lililoinuliwa kwa vyuma au kamba ili pawe na nafasi kati yake na mzigo, na utingo alifunue upande mmoja lori linaposimama juani.

Kusimama ndiko kunakoumiza zaidi. Lori likitembea hewa huzunguka. Likikaa mpakani siku kadhaa, hupata joto mchana na kupoa usiku bila upepo. Wakati wa vipimo vya Uviko-19, mwaka 2020 na tena Januari 2022, foleni za Malaba na Busia zilirefuka kwa kilometa nyingi. Nafaka ya asilimia 15 ambayo ingefika salama kwa siku mbili inaweza isifike kwa siku kumi. Anayeelekea Nairobi akumbuke pia kwamba kati ya Eldoret na Nakuru, eneo la Timboroa, barabara hupanda zaidi ya mita 2,500. Usiku wa huko ni baridi kuliko wa Mbarara.

Kwa kontena, vitundu vidogo vya pembeni karibu na paa vipo kusawazisha mgandamizo wa hewa. Havitoshi kuingiza hewa ya kukausha mzigo. Vifuko vya kloridi ya kalsiamu vinavyoning'inizwa ukutani hufanya kazi nzuri kwenye mzigo ambao tayari ni mkavu, lakini haviwezi kukausha tani 20 za mahindi mabichi. Kahawa ya Ankole inayoshuka Mombasa na kuvuka bahari hadi Ulaya wakati wa baridi hupakiwa ndani ya kontena lililotandikwa karatasi nene au maboksi juu na pembeni, ili matone yanyonywe kabla ya kugusa gunia. Kahawa hiyo yenyewe inatakiwa isizidi unyevu wa asilimia 12.5.

Bidhaa zinazopanda kutoka Mombasa

Huko pwani kontena hufungwa likiwa na hewa ya moto na yenye unyevu mwingi, kisha hupandishwa hadi nyanda za juu. Mabati mapya yaliyobanana hupata maji katikati yake na kuota unga mweupe, kutu ya zinki. Yakifika yamelowa yatenganishwe na kukaushwa siku hiyo hiyo. Paleti za mbao mbichi nazo huleta maji yake.

Friji za vioo viwili, zinazopendwa na wauzaji wa maziwa na mtindi Mbarara, zina fundisho lake. Ukungu ukiwa upande wa nje wa mlango, hewa ya dukani ina unyevu mwingi au kioo kimekuwa baridi mno. Kitambaa na hewa ya kuzunguka vinatosha. Ukiwa upande wa ndani, mlango hufunguliwa mara nyingi au mpira wake hauzibi. Ukiwa katikati ya vioo viwili, gundi ya kuzibia pembeni imeachia na punje za kufyonza unyevu zilizomo kwenye fremu zimeshiba. Hapo hakuna kupangusa. Kioo hubadilishwa kizima. Anayenunua friji au madirisha ya mitumba aangalie katikati ya vioo kabla ya kulipa, asubuhi na mapema ikiwezekana.

Kuvu na mpaka

Baadhi ya kuvu huacha sumukuvu, ambayo haionekani na haiondoki kwa kupika. Kukausha upya mahindi yaliyoota kuvu husimamisha kuvu isiendelee, lakini sumu iliyokwishaingia hubaki. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, yakiwamo usajili wa waagizaji na cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Nani analipa

Lori likifunguliwa na kukutwa maji, dalili zisomwe kabla ya magunia kushushwa. Tundu huacha alama mahali pamoja, na maji hushuka kutoka hapo hadi magunia ya chini. Jasho hulowesha safu ya juu karibu yote, mara nyingi kwa mistari inayofuata mikunjo ya bati, huku katikati ya shehena kukiwa kukavu. Kontena tupu hukaguliwa kwa mtu kuingia ndani, milango kufungwa, na kutazama kama mwanga unapenya. Kama inashukiwa ni maji ya bahari, mkaguzi hutumia nitrati ya fedha, ambayo hugeuka nyeupe kama maziwa ikikutana na chumvi.

Bima isitegemewe sana hapa. Masharti ya Institute Cargo Clauses, hata ya kundi A lenye kinga pana kuliko mengine, hayalipi hasara iliyotokana na asili ya mzigo wenyewe wala iliyosababishwa na kuchelewa. Mahindi yaliyopakiwa mabichi huangukia huko. Kwa hiyo unyevu upimwe mbele ya dereva wakati wa kupakia, kwa magunia kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za shehena, na namba ziandikwe kwenye hati ya mzigo pamoja na tarehe, saa na sahihi za pande zote mbili. Upimwe tena wakati wa kushusha. Mpokeaji akikuta gunia limelowa aandike kwenye hati hiyo kabla ya kutia sahihi, apige picha ya paa na ya safu ya juu, na amwachie dereva nakala.