Bwawa ni Ukuta au ni Maji? Usanifu wa Kituo cha Umeme cha Owen Falls Ukitazamwa kutoka Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanachunguza usanifu wa kituo cha umeme cha Owen Falls, Jinja, kilichozinduliwa mwaka 1954 na ambacho sasa huitwa Nalubaale. Hoja kuu ni kwamba historia ya kituo hiki imezoea kuutazama ukuta na kuyasahau maji. Utata wa neno bwawa katika Kiswahili unatoa njia ya kuisoma upya historia hiyo, na kuziingiza Mbarara na Nakivale ndani ya jengo linalohesabiwa kuwa la Jinja peke yake.

1. Utangulizi

Wazo la kufua umeme mahali Mto Naili unapotoka ziwani lina umri mkubwa kuliko jengo lenyewe. Winston Churchill alifika Jinja mwaka 1907, na katika kitabu cha safari yake alilisifu eneo hilo kwa nguvu ya maji yake. Hata hivyo, hatua za utekelezaji zilisubiri hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mhandisi Charles Westlake aliandaa taarifa ya kitaalamu, Bodi ya Umeme ya Uganda ikaundwa mwaka 1948, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II akakizindua kituo.

2. Ukuta mmoja, kazi tatu

Ukuta wa Owen Falls ni wa zege, wenye urefu wa mita 831 na kimo cha mita 31 hivi. Huyazuia maji kwa uzito wake wenyewe, bila tao la kuegemea kingo za mto. Jumba la mitambo limeungana na ukuta huo. Halikujengwa mbali na kulishwa kwa mabomba marefu, kama ilivyo desturi katika vituo vya milimani. Lilipangiwa turbini kumi za megawati 15 kila moja, na ya mwisho ilifungwa mwaka 1968. Kando yake yapo malango sita ya kupitishia maji yasiyohitajika na mitambo.

Kazi ya tatu ilikuwa ya barabara. Hadi daraja jipya la Jinja lilipofunguliwa mwaka 2018, malori yaliyotoka Mombasa kupitia Jinja kuelekea Kampala, Mbarara na Rwanda yalivuka Naili juu ya ukuta huohuo. Kwa dereva na abiria wa njia hiyo, kituo cha umeme kilikuwa daraja kwanza.

Kuunganisha kazi tatu katika umbo moja kulipunguza gharama, lakini pia kulizifunga hatima zake pamoja. Zege la jumba la mitambo limepatwa na maradhi yanayofahamika kwa wahandisi: kokoto na saruji huathiriana kikemikali penye unyevu, zege likavimba na kupata nyufa. Mashine zinazopaswa kusimama wima kwa vipimo vya milimita haziwezi kupuuza uvimbe huo.

3. Bwawa lisiloonekana

Katika Kiswahili, bwawa humaanisha maji yaliyokusanyika, na pia ukuta unaoyakusanya. Wanaistilahi huuona utata huu kuwa upungufu. Kwa Owen Falls, utata huo unasema kweli. Ukuta huu haukuunda ziwa jipya la kutajika. Ulizamisha maporomoko ya Ripon, yaliyokuwa kizingiti cha asili cha Ziwa Viktoria, na kuligeuza ziwa zima kuwa ghala la maji. Misri, iliyotegemea maji hayo, iliafikiana na Uingereza mwaka 1949, ikachangia gharama za kuongeza kimo cha ukuta, na mhandisi wake akawekwa Jinja kufuatilia utoaji wa maji. Kimo cha jengo, basi, kiliamuliwa pia na mahitaji ya watu walio maelfu ya kilomita kaskazini.

Ikiwa watumiaji wa maji walio mbali walihesabiwa, vipi kuhusu yanakotoka maji? Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani humo, na hupita mpakani mwa Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara. Ndimo ilimo Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, miaka minne tu baada ya uzinduzi wa Jinja. Maji ya Kagera yalikwenda kuzungusha turbini za Jinja, nao umeme ukarudi magharibi kwa nyaya kupitia Masaka hadi Mbarara. Kwenye mto huohuo, huko Kikagati, mtambo mdogo uliharibiwa wakati wa vita vya 1979. Kituo kipya cha megawati 14, ambacho Uganda na Tanzania hugawana umeme wake, kilizinduliwa mwaka 2023.

4. Hitimisho

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Mwalimu wa Mbarara au Nakivale atakayefundisha historia ya umeme kwa lugha hii atahitaji istilahi bayana. Makala haya yanapendekeza ukuta wa bwawa kwa jengo, na neno bwawa libakie kwa maji. Kwa mgawanyo huo, mwanafunzi wa Nakivale hatasoma habari za Jinja kama mgeni. Atajua kwamba anaishi katika nchi inayolijaza bwawa hilo, na kwamba zege linapopata nyufa, yeye pia ana haki ya kuuliza litatengenezwaje.