Kutoka Ncha ya Sindano hadi Kioo cha Darubini: Historia ya Kupima Mimea dhidi ya Utitiri wa Ngozi ya Binadamu

1.0 Utangulizi
Neno utitiri huwakumbusha wengi wetu banda la kuku. Hata hivyo, ngozi ya binadamu nayo ina utitiri wake. Sarcoptes scabiei huchimba vijia ndani ya ngozi na kuleta upele. Demodex folliculorum, mwenye urefu wa takribani milimita 0.3, huishi katika vishimo vya vinyweleo vya uso na kope. Makala haya yanadai kuwa maabara haikuanzisha maarifa ya kupambana na viumbe hawa. Ilichuja maarifa ya watu ambao majina yao hayakuandikwa.

2.0 Waliotangulia kumwona
Mwaka 1687, Giovanni Cosimo Bonomo alimwandikia Francesco Redi barua kuhusu chanzo cha upele. Alieleza kuwa wanawake maskini waliwatoa watoto wao vidudu kwa ncha ya sindano, na watumwa wa Livorno, Italia, walitoana vivyo hivyo. Mchango wa Bonomo ulikuwa kukitazama kidudu hicho kwa darubini na kukichora. Madaktari wengi hawakusadiki. Mwaka 1834, Simon-François Renucci, mwanafunzi kutoka Corsica, aliwaonyesha madaktari wa Paris kidudu chenyewe kwa mbinu aliyoiona kwa wanawake wa kwao. Shaka ya karne moja na nusu ikamalizwa kwa sindano ileile. Miaka michache baadaye, mnamo 1842, Gustav Simon alieleza Demodex kwa kina huko Ujerumani.

3.0 Mmea unapopimwa
Mfano ulio wazi zaidi wa kupima mimea ni wa Melaleuca alternifolia, mti wa Australia ambao Waingereza waliupa jina la chai ingawa hauna nasaba na mchai. Wabundjalung wa kaskazini mwa New South Wales walitumia majani yake kama dawa muda mrefu kabla ya mkemia Arthur Penfold wa Sydney kuchunguza, katika miaka ya 1920, uwezo wa mafuta yake kuua vijidudu.

Mwaka 2005, watafiti wa Miami, akiwemo Scheffer Tseng, walichapisha matokeo ya jaribio sahili: Demodex waliotolewa kwenye kope waliwekwa katika vimiminika mbalimbali, kisha muda wa kuishi kwao ukapimwa chini ya darubini. Katika alkoholi ya asilimia 75 waliishi zaidi ya dakika 150. Katika mafuta halisi ya mti huo hawakufikisha dakika 15, na kadiri mafuta yalivyozimuliwa ndivyo nguvu yake ilivyopungua. Mwaka 2013, viambato 15 vya mafuta hayo vilipimwa kimoja kimoja. Viambato 13 viliua, na terpineni-4-oli ikawa na nguvu kuliko vyote.

Hata hivyo, kufa kwa kidudu kwenye kioo si kupona kwa mgonjwa. Mafuta yasiyozimuliwa huweza kuwasha ngozi na kudhuru jicho. Kipimo hufunua dawa, na pia hufunua mpaka wake.

4.0 Hitimisho
Historia hii inatugusa sisi wa taaluma ya lugha. Jina mwarobaini linadai tiba ya maradhi arobaini, lakini halitaji sehemu ya mti, kiasi, wala namna ya kuitayarisha. Tukikusanya majina ya mimea bila maelezo hayo, tunamwachia mkemia neno tupu, na tukiliacha jina la msimulizi, tunawarudia wanawake wa Livorno: walijua, wakatajwa kwa ujumla, wakasahaulika. Makala haya yanapendekeza kuwa kila kidahizo cha mmea wa dawa kiambatane na maelezo ya matumizi yake na, kwa ridhaa yake, jina la aliyeyatoa.