Watoto 25 wa Ruyigi

Leo tunarudi mwaka 1993, katika mji wa Ruyigi, mashariki mwa Burundi.

Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikatumbukia katika mauaji ya kikabila. Mjini Ruyigi watu walikimbilia makao ya askofu. Aliyewapokea ni mwanamke mmoja Mkatoliki aliyefanya kazi hapo, Marguerite Barankitse. Wengi humwita Maggy. Wakati huo alikuwa tayari analea watoto saba, Wahutu na Watutsi, chini ya paa moja.

Tarehe 24 Oktoba washambuliaji walifika. Walikuwa Watutsi, watu wa kabila lake mwenyewe, na waliowatafuta ni Wahutu. Maggy alikataa kuwatoa watu wale. Wakamvua nguo, wakamfunga, wakaua watu 72 mbele ya macho yake. Yeye wakamwacha hai. Kwa kuwapa wauaji fedha, aliweza kuokoa watoto 25.

Vita viliendelea, na watoto wakazidi kuletwa: waliojeruhiwa, waliookotwa njiani, wasiojua wazazi wao wako wapi. Maggy hakuuliza kabila. Alianzisha Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani, ikapokea Wahutu, Watutsi na Watwa.

Lakini hakutaka wakulie katika jengo moja kubwa la yatima. Aliwatafutia jamaa zao. Waliokosa jamaa, aliwatengenezea nyumba ndogo, ndugu wakae pamoja, wasome, wajifunze kujitegemea. Alijua kwamba mtoto hahitaji chakula tu. Anahitaji jina lake, ndugu zake, na mtu wa kumngoja jioni.

Mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilimpa Tuzo ya Nansen. Mwaka 2008 hospitali ya Maison Shalom ilifunguliwa Ruyigi, mama na watoto wapate matibabu. Kisha, mwaka 2015, machafuko yalipozuka tena, Maggy mwenyewe akawa mkimbizi. Huko Rwanda pia akaanza kuwahudumia Warundi wenzake, wakiwemo wa kambi ya Mahama.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Siku ile Ruyigi, watu waliua kwa ajili ya damu. Maggy aliifuata imani yake: jirani wa kupendwa ni hata mtoto wa yule unayeambiwa ni adui. Hakuwa na jeshi wala mali nyingi, na hakungoja vita viishe ndipo aanze.

Huenda katika mtaa wako hapo kambini yupo mtoto aliyefika peke yake. Je, jina lake unalijua?