Mhadhiri wa muda ana haki kisheria, ila hana kura

MHADHIRI wa muda ni mwalimu wa chuo kikuu anayelipwa kwa saa alizofundisha au kwa kozi aliyokabidhiwa, bila mshahara wa kila mwezi. Hutunga mtihani, huusahihisha na kuwasilisha alama sawa na mwenzake wa kudumu. Tofauti hudhihirika mwisho wa mwezi: wa kudumu hupokea mshahara, ilhali wa muda hujaza fomu ya madai na kungoja, wakati mwingine kwa miaka.

Chimbuko

Wahadhiri hawa waliongezeka nchini baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo mwaka wa 1998, na vyuo vingine vya umma kufuata. Madarasa ya jioni na ya wikendi yalizidi, lakini walimu wa kudumu hawakuajiriwa kwa kasi hiyo. Karo hizo ndizo zilizotegemewa kuwalipa wa muda.

Katika KCSE ya 2016, ni watahiniwa 88,929 pekee waliopata alama ya C+ na zaidi. Serikali iliweza kuwadhamini wote, hivyo wa kujilipia wakapungua mno. Chemchemi ya fedha ikapungua, madeni yakasalia.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama na kugoma. Hakibagui wa kudumu na wa muda.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Mwajiri akishindwa kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye. Kifungu cha 37 nacho humwezesha kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda uliowekwa kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Hata hivyo, mwajiri anaweza kudai kuwa mhadhiri wa muda ni mtoaji huduma aliye huru, na hapo mahakama huangalia uhusiano wenyewe wa kazi. Anayedai asikawie, kwa kuwa madai ya mkataba wa ajira huwasilishwa kabla ya miaka mitatu kupita.

Uwakilishi

Chama cha wahadhiri, UASU, kilisajiliwa mwaka wa 2003, miaka kumi baada ya wahadhiri kugoma wakidai usajili walionyimwa na serikali ya wakati huo. Haki ya kusemewa haikupatikana kwa urahisi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, chama hutambuliwa na mwajiri kikiwa na wanachama wengi kuliko nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga nacho. Ada za wanachama hukatwa na mwajiri kutoka kwenye mishahara. Hapo ndipo fundo lilipo: asiye kwenye orodha ya mishahara hakatwi ada, na asiyekatwa ada ni vigumu kuhesabiwa kuwa mwanachama, kupiga kura au kuwania wadhifa. Kuchelewa kwa malipo, basi, si suala la tumbo tu. Humnyima pia sauti.

Athari yake ni dhahiri. Mgomo wa siku 49 uliomalizika Novemba 2025 ulihusu Sh7.9 bilioni za mkataba wa pamoja wa 2017-2021. Fedha hizo zilikuwa malimbikizo ya mkataba huo, si madai ya saa na kozi za wahadhiri wa muda. Mgomo ukiisha, wao hurejea darasani na fomu zile zile.

Kinachowezekana

Sheria hiyo hiyo husema mkataba wa pamoja huwafunga wafanyakazi wote wanaostahili kuwa wanachama, si waliojisajili pekee. Aidha, pendekezo la UNESCO la 1997 kuhusu walimu wa vyuo vikuu lilitaka wanaofundisha kwa muda mara kwa mara walipwe kwa uwiano sawa na wa kudumu.

Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya: vyuo viwaweke wahadhiri hawa kwenye orodha ya malipo ya kila mwezi, nacho chama kiwape kadi, kura na kiti mezani mkataba unapojadiliwa.