Urefu wa Hasira

Sisi tuliokulia Mbeya katika miaka ya 1970 tulilijua jina la Mwamwindi kabla hatujajua mahakama ni kitu gani. Wazee walilitaja jioni, kwa sauti ya chini, na huyu akisema shujaa, yule alijibu muuaji. Mimi nilikuwa upande wa shujaa. Kijana husikia kwamba mkulima amemkabili mkubwa wa serikali, basi hahitaji kuuliza zaidi.

Kisa chenyewe kinajulikana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, TANU ilitaka wakulima waishi na kulima pamoja katika vijiji vya ujamaa. Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa kwenye barabara ya Dodoma, palikuwa mahali pagumu kwa siasa hiyo. Ardhi yake ilikuwa imefunguliwa kwa kilimo cha mahindi, na walikuwepo wakulima waliojipatia mashamba makubwa na matrekta kwa jasho lao, na kwa jasho la vibarua wao pia. Mkuu wa Mkoa wa Iringa alikuwa Dk. Wilbert Klerruu, msomi aliyepata shahada ya udaktari Marekani, mtu mwenye bidii na haraka. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, iliyoangukia Jumamosi, alifika katika kijiji cha Mkungugu akamkuta Said Abdallah Mwamwindi akilima kwa trekta. Mwamwindi alikuwa Mwislamu. Kwake Krismasi ilikuwa siku kama siku nyingine. Wakabishana. Mwamwindi akachukua bunduki yake nyumbani akampiga risasi Mkuu wa Mkoa, akafa. Kisha akaupakia mwili katika gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe hadi kituo cha polisi mjini Iringa, akajisalimisha.

Hadithi za barazani zilikuwa zikiishia hapo kwenye gari. Hakuna aliyetusimulia kesi. Nami sikuiuliza mpaka nilipokuwa mtu mzima na kuteuliwa mzee wa baraza katika kesi ya mauaji.

Kesi yetu haikuwa na mkubwa yeyote. Ndugu wawili waligombea mpaka wa shamba, mdogo akatukanwa mbele ya wanawe, akaingia jikoni akatoka na panga. Kutukanwa hakukuwa na ubishi, wala kifo. Siku mbili nzima mawakili waliulizana juu ya jambo lililonishangaza: kutoka mpakani hadi jikoni ni hatua ngapi? Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Panga lilikuwa chini au limechomekwa darini?

Jaji alitueleza sababu kwa upole. Kanuni ya Adhabu inatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Aliyeua kwa hasira ya ghafla, baada ya kuchokozwa, kabla hajapata muda wa kupoa, huhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Akiwa amepata muda wa kupoa, utetezi huo humponyoka. Sheria huuliza pia kama uchokozi ule ungemfanya mtu wa kawaida ashindwe kujizuia, na kwa mtu wa kawaida ina maana ya mtu wa kawaida wa jamii ya mshitakiwa. Ndiyo sababu wazee kama sisi tuliitwa. Jaji hakufungwa na maoni yetu, lakini alitaka kujua kwetu tusi lina uzito gani.

Usiku ule nilimkumbuka Mwamwindi. Utetezi wake nao ulikuwa wa kuchokozwa. Palisemwa juu ya matusi, na juu ya makaburi ya wazazi wake yaliyokuwa pale shambani. Mimi nilikulia kati ya watu wasiokanyaga makaburi, nikajua jambo hilo linaingia mpaka wapi katika moyo wa mtu. Lakini bunduki ilikuwa nyumbani. Kati ya neno na risasi palikuwa na safari, fupi kwa miguu, ndefu kwa sheria. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimwona ana hatia ya kuua kwa kukusudia. Kosa hilo lilikuwa na adhabu moja tu, na jaji hakuachiwa hiari. Mwamwindi alinyongwa.

Hapo ndipo nilipoacha kumwita shujaa. Sikumwita muuaji pia, kama walivyomwita wale wengine, maana hilo neno lilikuwa limekwisha semwa na waliokuwa na haki ya kulisema. Nilianza kuwaona watu wawili ambao mmoja wao angepunguza mwendo, wote wangeishi. Klerruu aliacha wafiwa, na jina lake limebaki kwenye chuo cha ualimu mjini Iringa. Mwamwindi naye aliacha wafiwa, na jina lake limebaki midomoni mwa watu.

Miaka arobaini baadaye mkoa huohuo ulirudia swali hilo upande wa pili. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi alilopigwa kwa karibu wakati polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa CHADEMA. Askari mmoja alishitakiwa kwa mauaji. Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungo miaka 15. Nilisikia watu wakizilinganisha kesi hizi mbili kwa uchungu: raia akimuua mkubwa, kitanzi, mwenye bunduki ya serikali akimuua raia, kifungo. Ushahidi wa kesi moja si wa nyingine, na mzee wa baraza hapaswi kusahau hilo. Hata hivyo sikuweza kuwalaumu. Wananchi hawasomi vifungu. Hupima kwa mizani waliyo nayo, na mizani hiyo ina kumbukumbu.

Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji hiari inavunja haki ya kuishi. Niliposoma habari hiyo nilifikiria zile hatua za kwenda nyumbani kuchukua bunduki. Si haki uhai wote wa mtu upimwe kwa hatua peke yake, pasiwepo wa kuuliza alikuwa amebeba nini moyoni alipokuwa akizipiga.

Na yule ndugu mdogo? Nilipoulizwa, nilisema ameua bila kukusudia. Mwenzangu alisema amekusudia. Kabla ya kujibu nilikuwa nimekwenda kimoyomoyo kutoka mpakani hadi jikoni, mara nyingi, nikihesabu. Kila mara nilifika nikiwa bado nina hasira.