Vizibo, Komwe na Kibaraza

Drafti inataka ubao wenye miraba 64 na kete 24, na katika vijiwe vya bodaboda huko Mbagala hakuna anayekwenda dukani kuvinunua. Ubao ni kipande cha plaiwudi kilichobaki kwa seremala. Kimepigwa mistari kwa rula na penseli, mraba mmoja ukapakwa wino wa maka peni, unaofuata ukaachwa ulivyo. Kete ni vizibo vya soda na bia: kumi na viwili vimelala chali, kumi na viwili kifudifudi. Kinachofanikiwa kufika upande wa pili kinabebeshwa mwenzake mgongoni, kinakuwa kingi.

Ubao huo unabebeka kwapani. Babu yake alihitaji watu wawili wa kumhamisha, na kati ya ubao na babu yake kuna historia nzima ya mahali ambapo watu wa Dar es Salaam wamepata kukaa.

Babu ni bao. Lile la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Kete zenyewe zilikuwa komwe, mbegu za kijivu ngumu kama kokoto, zinazotoka kwenye mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota pwani. Umri wa michezo ya jamii hii haujulikani vizuri kwa sababu uwanja wa kwanza haukuwa wa mbao hata kidogo. Mtu alifukua vishimo mchangani, akacheza, mvua ikafuta. Palipokuwa na mwamba palibaki ushahidi: Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, mashimo ya bao yamechongwa juu ya jiwe. Mombasa nako Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki mwaka 1840, aliliingiza bao katika mashairi yake, na hadhira yake haikuhitaji maelezo.

Kulichonga bao ni kazi ya subira. Fundi huanza na ubao mzito wa mti mgumu, mninga au mvule kwa mfano, akauchonga kwa tezo hadi ukae sawa bila kuyumba. Mashimo huchimbwa kwa patasi yenye mdomo wa mviringo, na hapo ndipo fundi mzuri na mbovu wanapoachana. Shimo likiwa na kina kupita kiasi, vidole vinahangaika kuzoa kete. Likiwa la juujuu, kete zinaruka. Lazima mkono uingie mara moja utoke na zote. Kisha kuna shimo moja kwa kila mchezaji lisilo la mviringo. Hilo ni la mraba na linaitwa nyumba. Mchezaji huanza na kete sita ndani ya nyumba, nyingine nne kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi anazoziingiza moja moja wakati wa kunamua.

Majina ya uwanja huo yanasikika kama ramani. Kuna nyumba, kichwa na kimbi. Anayeichukua nyumba yake na kuzimwaga kete zake shimo baada ya shimo anakwenda safari. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala.

Kwingine uwanja wa mchezo ulijengwa kwa vipande. Uingereza, mwaka 1913, mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu *Little Wars* akiwafundisha watu wazima kupanga vita vya askari wa kuchezea sakafuni kwa vitofali vya mbao. Tangu hapo, na zaidi baada ya mchezo wa Dungeons & Dragons kutoka mwaka 1974, wapenzi wa michezo ya kubuni katika nchi za Magharibi hujitengenezea vilima, mito na ngome vipande vipande, wakaviunganisha mezani kila wanapokutana. Mchonga bao hakuhitaji kilima. Dunia yake ilitoshea katika mashimo 32, ila haikuwa na vipande. Ilikuwa gogo moja, na gogo linataka pa kukaa.

Pa kukaa palikuwepo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilipima viwanja vipya kwa ajili ya Waafrika nje ya mji wa zamani: Magomeni, Temeke, Kinondoni. Aliyepata kiwanja alijenga nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na mbele kibaraza. Mtafiti J. A. K. Leslie aliuchunguza mji huo katika miaka ya 1950, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1963. Sensa ya 1957 ilikuwa imehesabu watu 128,742 tu. Kibaraza kilikuwa sebule ya mtaa. Bao liliwekwa pale alasiri, wazee wakaketi, na mpita njia aliyejiona bingwa akasimama nyuma yao akiguna kila kete ilipokwenda asikotaka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, jambo lililowapa wazee hoja nzuri kila walipoulizwa kwa nini hawajarudi nyumbani.

Vijana hawakuwa na kibaraza. Wengi walikuwa wapangaji wa chumba kimoja, na kibaraza ni cha mwenye nyumba. Wao walikuwa na kijiwe, na jina lenyewe linasema yote: kijiwe ni jiwe dogo la kukalia, chini ya mwembe au kando ya kioski. Huko ndiko drafti ilikostawi. Kiswahili kina neno la zamani zaidi, dama, ambalo bado lipo kwenye kamusi, lakini mitaani lilishinda neno lililotoka kwa Mwingereza.

Kete za drafti zina safari ndefu kuliko mchezo. Kizibo cha bati chenye meno kilibuniwa na William Painter huko Baltimore, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1892. Mwanzoni kilikuwa na meno 24. Cha leo kina 21, na mwenye shaka anaweza kuhesabu. Dar es Salaam ilipata kiwanda chake cha bia mwaka 1933, na tangu hapo kila baa imekuwa ikitapakaza kete bure mlangoni. Painter alitaka kitu cha kutumiwa mara moja kikatupwa. Kijiweni kizibo kimoja hutumika miaka, mpaka rangi yake ibanduke na nembo isisomeke.

Kijiwe nacho kililaumiwa kwa uvivu. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvukazi, na watu walioonekana kukaa bila kazi mijini wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Ubao unaobebeka kwapani una faida yake zama kama hizo. Lawama haikuisha. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwashutumu hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi, saa za kazi. Meza ya pool, masikini, haina pa kujificha.

Keram, nayo ya vijiweni, ilishika njia nyingine. Ilitoka India, ina kete tisa nyeupe, tisa nyeusi na malkia mmoja mwekundu, na uwanja wake wa sentimita 74 kila upande lazima uwe laini kama kioo. Plaiwudi iliyopinda kwa unyevu imekwisha. Kwa hiyo keram ni kazi ya seremala mwenye randa na subira, wa aina ya wale waliojaa Keko, na kijiwe kinachoimiliki kimeichangia.

Vibaraza navyo vinapungua. Mwenye nyumba huziba chake akafungua duka la vocha, au hujenga ukuta. Magomeni Kota nyumba za zamani zilibomolewa, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa ya kaya 644. Ghorofani pana ngazi na balkoni. Bao la mninga sasa linaonekana zaidi Mwenge, kwenye vibanda vya wachongaji, na mengi yake yana safu mbili tu, kwa kuwa mtalii hataki kujifunza nne. Mengine yamewekwa bawaba yakunjike ndani ya begi.

Mbagala shida ni nyingine. Soda imehamia chupa za plastiki, na kifuniko cha plastiki hakina chali wala kifudifudi kinachotambulika kwa haraka. Wachezaji wamehamia rangi: bluu ya maji upande huu, nyekundu ya soda upande ule. Ila vifuniko hivyo ni vyepesi, na daladala ikipita kwa kasi upepo wake hupeperusha nusu ya jeshi. Ndiyo maana utamkuta mtu mzima, mwenye pikipiki yake na familia yake, ameinama nje ya baa saa mbili asubuhi akiokota vizibo vya bati, akivipangusa mchanga kwa suruali, huku akihesabu kama vimefika 24.